Tunamtaka Daktari wa Kike, Binti Tumemtoa Shuleni

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Bariadi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao.

Kabla ya Ramadhani iliyopita tulimzika mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Bariadi. Alikuwa na umri wa miaka 43, mke wa fundi cherehani na mama wa watoto watano. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akitokwa na damu isiyo ya kawaida, naye akanyamaza. Akina mama waliomuosha ndio waliotueleza baadaye. Marehemu alikwenda kupimwa mara moja tu, akamkuta tabibu ni mwanamume, akageuza njia akarudi nyumbani. Akanywa dawa za miti shamba, akasomewa ruqya, akasubiri. Alipozidiwa na kupelekwa Mwanza, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kusambaa. Allah amrehemu na ampe kauli thabiti.

Siku chache baada ya mazishi, kamati ilikaa kikao kuzungumzia madeni ya marehemu na ada za mayatima wake. Mzee mmoja, ambaye aghalabu hasemi kitu vikaoni, aliinua mkono akauliza: "Hivi katika msikiti huu mzima, yupo binti hata mmoja anayesomea udaktari?" Tukatazamana. Tunao walimu wa madrasa, wanunuzi wa pamba, wauza mchele, madereva, mafundi na mawakala wa fedha za simu. Daktari hatuna. Muuguzi hatuna. Kijana anayefanya kazi ya utafiti wa magonjwa hatujawahi hata kumsikia.

Makala haya yametokana na swali la mzee yule. Tunayaandika kwa ajili ya familia za Kiislamu za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na kwa kila mahali ambapo Waislamu ni wachache kama sisi.

Haya isiyokuwa na maandalizi

Kwanza tuseme jambo la kisheria ili lisije likamponza mama mwingine. Wanazuoni wamekubaliana kwamba panapokuwa na haja ya tiba na hakuna tabibu mwanamke, inajuzu kwa mwanamume kumtibu mwanamke, kwa kuangalia kiasi kinachohitajika tu na bila ya faragha inayokatazwa. Haya ni katika imani, lakini dini yetu haikumtaka mama huyu afe kwa haya. Kosa lilikuwa letu sisi tulio na vipaza sauti, kwani hatukuwahi kulieleza jambo hili katika khutba hata moja.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya ruhusa ya dharura. Mama zetu wana haki ya kumtaka daktari wa kike, na aliye karibu nao kwa dini na lugha. Swali ni hili: daktari huyo atatoka wapi, ikiwa kila nyumba inamtarajia kutoka nyumba ya jirani? Tunamtaka daktari mwanamke siku mke anapojifungua, ilhali binti aliyeweza kuwa daktari huyo tumemwachisha masomo, au tumemwambia Fizikia si ya wasichana.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuona ugonjwa huu katika zama zake. Katika Ihya Ulum al-Din ameutaja utabibu kuwa ni fardhi kifaya, yaani wajibu ambao wakiutekeleza baadhi ya watu dhambi huondoka kwa wote, na wakiuacha wote hupata dhambi wote. Kisha akasikitika kwamba ipo miji mingi ambayo haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, wala hakuna anayejishughulisha na elimu hiyo, ilhali watu wanasongamana katika fani ambazo tayari zina watu wa kutosha. Miaka zaidi ya 900 imepita. Msomaji wa Bariadi akisoma maneno hayo atadhani Imam alipita sokoni kwetu wiki iliyopita.

Hatusemi haya kwa kuwabeza majirani zetu Wakristo. Wametutibu, na hospitali za makanisa katika Kanda ya Ziwa zimewapokea wagonjwa wetu bila ya kuwauliza dini zao. Wanastahiki shukrani. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kukaa tukisubiri kuhudumiwa siku zote ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ubora wa mkono unaotoa.

Wala si kweli kwamba utabibu wa mwanamke ni jambo geni lililoletwa na wakoloni. Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) aliwahudumia majeruhi katika zama za Mtume (s.a.w.), na Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq aliuguzwa katika hema lake. Jambo hilo lilifanyika mbele ya macho ya Mtume (s.a.w.).

Mlango hufungwa mapema

Baada ya kikao kile tuliwaandika vijana wetu wote walio sekondari. Wengi wako shuleni, alhamdulillah. Tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada kwa shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo kisingizio cha ada kimepungua. Lakini tulipouliza wangapi bado wanasoma Fizikia na Kemia, jibu lilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na msichana alikuwa mmoja tu.

Wazazi wengi hawajui kwamba safari ya udaktari haianzii chuo kikuu. Kwa utaratibu tuliouzoea, Baiolojia husomwa na kila mwanafunzi, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi huweza kuziacha baada ya kidato cha pili. Mtoto wa miaka 15 au 16 huziacha kwa sababu rafiki yake ameziacha, au kwa sababu mwalimu ni mkali, na hakuna mtu nyumbani anayemuuliza. Siku hiyo hakuna anayelia. Kilio huja miaka miwili baadaye, mtoto anapotaka kuomba chuo cha afya na kukuta mlango umefungwa.

Tufafanue masharti yenyewe. Anayetaka kusoma stashahada ya utabibu, masomo ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, anatakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyokuwa ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Maneno "yasiyokuwa ya dini" yasomwe mara mbili. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni nuru ya mtoto wetu na hatumwambii mtu aiache, lakini haitahesabiwa katika manne hayo. Wapo vijana wetu waliopata alama nzuri katika somo la dini na Kiarabu, wakadhani wamekamilisha hesabu, wakarudishwa. Anayetaka shahada ya udaktari aende kidato cha tano na cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha asome miaka mitano ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini.

Ni safari ndefu, lakini vituo vyake havipo mbali kama tunavyodhani. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya, pale Bugando. Dar es Salaam kuna Muhimbili, ambapo mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963. Ipo mikopo ya elimu ya juu, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imewafikia pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwa miongoni mwao. Upo pia ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Nafasi hizi hazina dini wala kabila. Huzipata aliyezijua mapema na kujiandaa.

Siku tulipoulizwa tukakosa jibu

Hadi hapa tumezungumzia kutibu. Kuna nusu ya pili ambayo misikiti yetu haiitaji kabisa, nayo ni utafiti wa tiba. Tutaieleza kwa kukiri kosa letu.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo iliyomuua mama tuliyemtaja. Wazazi walitujia na uvumi kwamba chanjo hiyo inaua kizazi. Walituuliza kwa sababu walituamini. Tukasema "Allah ndiye ajuaye", tukaingia ndani kuswali. Hatukusema uongo, lakini hatukutafuta ukweli pia, na baadhi ya wazazi waliuchukua ukimya wetu kuwa ni fatwa.

Tungekuwa na kijana wetu mmoja katika fani hii, angetufahamisha kwamba ushahidi wa chanjo hiyo ulikuwa ukitafutwa njia moja tu kutoka kwetu. Anayetoka Bariadi akapita Lamadi na Magu hufika Mwanza siku hiyo hiyo, na hapo pana kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa hapo, pamoja na wenzao wa London, waliwafuatilia wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Walitaka kujua kama dozi moja ya chanjo inaweza kutosha badala ya mbili au tatu. Ikaonekana kinga ya dozi moja inadumu. Matokeo hayo yakawa miongoni mwa ushahidi uliozingatiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliporuhusu dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikahamia kwenye dozi moja. Wasichana wa Kanda ya Ziwa wamechangia kubadili mwongozo unaowahusu wasichana wa dunia nzima. Sisi majirani zao tulikuwa tukijadili uvumi.

Utafiti una adabu zake

Wapo wanaosema: "Hawa wanatufanyia majaribio." Hofu hiyo haijatoka hewani, kwani historia ina mifano ya watu wanyonge waliotumiwa bila ya ridhaa. Ni kwa sababu hiyo leo utafiti wa tiba una masharti. Mshiriki hueleweshwa na hutoa ridhaa yake, na akiwa mtoto mzazi huulizwa. Anaweza kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu. Kamati ya maadili hupitia kila kitu kabla ya kuanza, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hutoa kibali kwa majaribio ya dawa na chanjo. Lakini karatasi ya ridhaa haimlindi bibi wa Itilima ikiwa hakuna anayeweza kumsomea na kumfafanulia. Kijana anayejua kuanza na "mwangaluka", akaeleza kwa Kisukuma dawa ni ipi, hatari zake ni zipi na haki ya mshiriki ni ipi, huyo ni ulinzi ambao wageni hawawezi kutuletea.

Tutazame yaliyotokea Pemba, kisiwa cha Waislamu. Miaka ya mwanzo ya 2000 watoto wadogo zaidi ya 20,000 walishiriki katika utafiti wa virutubisho. Kila mtu aliamini kwamba kumpa mtoto madini ya chuma ni kheri tupu, kwa kuwa huongeza damu. Lakini waliokuwa wakifuatilia matokeo waliona kwamba waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2003 utoaji wa madini hayo ukasimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi. Dhana nzuri ilikuwa inadhuru, na isingejulikana kama watu hawangehesabu kwa uaminifu na kulinganisha.

Kulinganisha huko si kugeni kwa umma wetu. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, ameandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa na kuwaacha wengine kwa makusudi ili aone tofauti. Ibn Sina aliweka katika al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Sisi tuliosoma vyuo vya dini tulifundishwa kutoipokea hadithi mpaka tujue nani kaipokea kwa nani, kumbukumbu yake ikoje na uaminifu wake ukoje. Mtu wa namna hiyo anawezaje kumeza dawa, au kuikataa chanjo, kwa sababu tu ameletewa ujumbe wa simu usiokuwa na mwenyewe? Utafiti wa tiba ni uchunguzi wa sanad katika mambo ya mwili. Kijana aliyelelewa na elimu ya hadithi ana nusu ya tabia inayotakiwa, na iliyobaki ni Kemia na hesabu.

Na nafasi ni nyingi kuliko udaktari pekee. Utafiti unamhitaji muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtakwimu na mhudumu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Magonjwa ya kutafitiwa tunayo. Kuna kichocho kwa wavuvi na watoto wa pwani ya ziwa kule Busega. Kuna selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa imeathirika nayo sana, na ambayo Profesa Julie Makani wa Muhimbili ameifanya kuwa kazi ya maisha yake. Vijana watazame pia kwa Dkt. Salim Abdulla, aliyeongoza Taasisi ya Afya Ifakara na kuwa miongoni mwa waliofanya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kule Bagamoyo. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Wasichana wamkumbuke marehemu Dkt. Mwele Malecela, aliyeiongoza NIMR, kisha akasimamia mapambano dhidi ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Na Rais wa Zanzibar, Dkt. Hussein Mwinyi, ni daktari kwa taaluma kabla ya kuwa mwanasiasa.

Tuliyoyaanza na tunayoyaomba

Tulipokamilisha orodha yetu tulikwenda nyumbani kwa yule binti mmoja aliyebaki katika sayansi. Tulikuwa tumesikia kwamba baba yake anataka amhamishie masomo ya sanaa.

"Katibu," alituambia, "si kwamba namchukia mwanangu. Maabara ya shule yenyewe haina kitu. Akisoma Historia na Kiswahili atafaulu. Na akisoma miaka yote hiyo, ataolewa lini?"

"Mzee wetu," tulimjibu, "hatukuja kukulaumu. Tumekuja kukuuliza: mama tuliyemzika alikuwa jirani yako. Angemkuta binti yako pale, angegeuza njia?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, ndiye aliyesema: "Asingegeuza." Baba akaomba siku mbili. Siku ya tatu, baada ya swala ya Isha, alitufuata na sharti moja: binti asikae njiani usiku kutafuta masomo ya ziada, bali masomo yaletwe msikitini.

Tukayaleta. Sasa kila Jumamosi, baada ya watoto kumaliza Qur'ani, chumba kimoja cha madrasa hugeuka darasa la Fizikia na Kemia. Mwalimu wa Kemia ni jirani yetu Mkristo, kijana muungwana aliyekataa malipo na kukubali nauli tu. Walioanza walikuwa wachache, na sasa wengine wanakuja na wadogo zao.

Kwa wazazi tunaomba mambo mawili. Mtoto anapofika kidato cha pili, muulize kwa jina kuhusu Fizikia na Kemia, na usimruhusu kuziacha bila ya kuzungumza na mwalimu wake. Na posa ikija kabla binti hajamaliza masomo, mkumbuke mama aliyegeuza njia. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kwa kamati za misikiti ya Simiyu tunapendekeza kila msikiti uwe na daftari la wanafunzi wake wa sayansi, na sehemu ya sadaka itengwe kwa vitabu na masomo ya ziada. Wenye uwezo wafikirie wakfu, japo wa chumba kimoja cha biashara, ambao kodi yake itamsomesha kijana mmoja hadi amalize. Maimamu nao, jambo la afya linapozuka, wawatafute wataalamu kabla ya Ijumaa. Sisi tumekwisha kuonja uchungu wa kunyamaza.

Kwa nyinyi vijana tunasema: nia ni roho ya amali. Katika Surat al-Maida, aya ya 32, Allah (s.w.) ametufahamisha kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Mwenye kukesha na kitabu cha Kemia kwa nia hiyo yumo katika ibada.

Binti yule yuko kidato cha tatu. Hatujui kama atakuwa daktari, kwani njia ni ndefu na riziki ni ya Allah. Wiki iliyopita tulimkuta kwenye baraza la msikiti akimfundisha mdogo wake kupima joto la maji, na bibi mmoja amesimama akimtazama. Bibi akamuuliza kwa Kisukuma atamaliza lini masomo, kwa sababu yeye ana maumivu ambayo hajamwambia mtu. Tukampeleka kesho yake hospitalini Somanda, akifuatana na mke wa mmoja wetu.

Wabillahi tawfiq.